Kitambaa cha Buluu

Jumamosi sifungui.
Nimebandika karatasi mlangoni:
mwenye haraka ya pasipoti avuke barabara, aende kwa Temu.
Miaka ishirini na sita kando ya soko la Mbuyuni
nimewaambia watu neno lilelile: tulia.
Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke,
serikali haipendi meno.

Kesho nakwenda kupiga picha wasioambilika.

Bustani yenyewe ndogo, ukishapita Boma Ng'ombe.
Nimeichora nyuma ya kitabu cha risiti
kama alivyonisimulia Mlay wa buchani,
anayewapelekea mifupa kila Alhamisi.
Lango saa mbili. Chui kwanza,
maana banda lake linatazama mashariki;
ikifika saa nne atapanda kwenye gogo,
kitabaki kwako mkia.
Wavu usikutishe. Sogeza lenzi mpaka iuguse,
fungua tundu la mwanga lote,
na waya utayeyuka
kana kwamba haujawahi kumfungia mtu.
(Huo ni uongo wa lenzi. Nitausema
au nitaunyamazia, bado sijui.)

Kisha mbega, na migolole yao myeupe.
Hao hawana subira: sehemu moja ya elfu ya sekunde,
na bado utapata tawi linalotikisika
na anga.
Korongo mwenye taji, akikubali kugeuka.
Bundi, kama hajalala.
Saa sita, jua la utosi, mwanga mbaya kuliko wote,
nimempa mamba. Yeye hajali.
Mamba ni mteja ninayemjua,
hapepesi, hahemi, hana maswali ya bei,
ila uhamiaji wangemrudisha kwa meno tu.

Aikande, mjukuu wangu, ana miaka tisa
na orodha yake mwenyewe, kwa kalamu ya kijani:
kobe.
Halafu tena kobe, tuone kama amesogea.
"Babu, ukimwambia nyani atulie, akitulia je?"
"Basi anaumwa," nikamjibu,
akaandika na hilo.

Bibi yake angebeba ndizi za kuchoma
na maneno ya kunicheka njia nzima.
Ya Ndeshukurwa ninayo picha moja,
saizi ya pasipoti, ya kadi ya bima,
kitambaa cha buluu nyuma, kidevu juu.
Tuliikuza kwa ajili ya msiba, ikafanya chenga.
Wageni waliopanda Kibosho siku ile
wakanong'ona: mama huyu alikuwa mkali.
Hakuwa mkali.
Nilimwambia usicheke, akanitii,
siku hiyo moja tu katika maisha yake.

Nimepiga nyuso za mji huu, nadhani nusu,
na sijui hata mmoja anavyocheka.

Basi. Betri mbili. Kadi, nimeifuta:
harusi ya watu wa Pasua walishalipa, walishachukua.
Maji. Kofia ya mtoto.
Kitambaa nimekishusha ukutani, nimekikunja,
kitafunika mkoba, maana vumbi la njia ile
huingia hata penye zipu.
Ukuta nyuma yake kumbe ni wa kijani,
nilikuwa nimesahau.

Na pembeni mwa ramani, chini ya mamba,
nimeongeza mstari usio na saa:
mtoto akicheka, piga.
Usimpange. Usihesabu moja, mbili.
Hata ikitikisika. Hata kama chui
ndio kwanza ameshuka kwenye gogo.

Saa tano usiku. Umeme umekatika mara moja, ukarudi.
Nimeinuka kutazama chaja.
Taa bado nyekundu.